Kompyuta ya Maji Katika Nchi ya Theluji

 Mazungumzo haya yanawalenga hasa ndugu zetu walioko kwenye nchi za theluji: Wakenya wa Minnesota, Wakongo wa Edmonton na wa Finland, Watanzania wa Toronto na Oslo, pamoja na vijana wao waliojifunza kujiundia kompyuta zenye nguvu kwa ajili ya michezo, kuhariri video au kazi za hesabu nzito. Kila majira ya baridi yanapoingia, hurudi rai moja ambayo kwa haraka huonekana ya busara kabisa. Inasema hivi: kompyuta inayopozwa kwa maji adui yake ni joto, na nje kuna baridi tele isiyouzwa, basi itumike. Mashine isogezwe dirishani, au ipelekwe gereji isiyo na hita, au ukuta utobolewe, rejeta itolewe nje, maji yarudi ndani yakiwa ya baridi kali. Mimi ninaipinga rai hiyo. Kompyuta ya namna hii inahitaji maji yanayotembea, na maji yanayotembea hayalazimiki kuwa ya baridi. Nchi inapoganda, kazi ya mwenye mashine ni kuyakinga maji hayo yasipatwe na baridi, na joto linalotoka humo libaki ndani ya nyumba, ambako linatakiwa.

Tuanze na mashine yenyewe. Juu ya prosesa hukaa kipande cha shaba chenye mifereji ndani yake, myembamba kuliko milimita moja. Maji hupita humo, huchukua joto, husafiri kwa mpira hadi kwenye rejeta, feni huipulizia rejeta hewa ya chumbani, kisha pampu huyarudisha maji kwenye shaba, na mzunguko unaendelea. Maji yamechaguliwa kwa kazi hii kwa sababu, ujazo kwa ujazo, hubeba joto zaidi ya mara elfu tatu kuliko hewa. Na tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Chukua kompyuta inayotoa joto la wati 500, yaani prosesa na kadi ya michoro zote zikiwa kazini, na pampu inayosukuma lita 3 kwa dakika. Maji yanapopita juu ya vyuma hivyo vya moto hupanda kwa nyuzi mbili na nusu hivi tu. Yakiingia na nyuzi 33, hutoka na nyuzi 35 na nusu. Katika chumba chenye nyuzi 21, rejeta ya ukubwa wa kutosha hulitoa joto hilo bila taabu, na prosesa hubaki kwenye nyuzi 60 au 70, ilhali nyingi za siku hizi hazijipunguzii kasi mpaka zikaribie nyuzi 95 au 100. Angalia tofauti hizo zilivyokaa. Kati ya chumba na maji kuna nyuzi kumi na kitu. Kati ya maji na silikoni ya prosesa kuna nyuzi 25 hadi 35 hivi, na zote zinapotelea ndani ya milimita chache, pale joto linapolazimika kuvuka kutoka kwenye silikoni, kupita kwenye grisi, hadi kwenye shaba. Kizuizi kiko hapo. Mtu anayetaka prosesa yake ipoe zaidi ashughulikie sehemu hiyo kwanza: grisi ipakwe sawasawa, kipande cha shaba kikazwe vizuri, pampu isukume inavyopaswa. Kuyafanya maji yawe ya barafu ni kushughulikia upande ambao haukuwa na tatizo.

Ushahidi wenye uzito zaidi katika hili ulitoka Zurich. Mwaka 2010 kampuni ya IBM na chuo kikuu cha ETH waliwasha kompyuta iliyopewa jina la Aquasar, na wahandisi wake waliipoza kwa maji ya moto. Maji yaliingia kwenye mashine yakiwa na nyuzi kama 60, moto ambao mkono hauvumilii, na chipu zikabaki chini ya kikomo chake cha nyuzi 85. Yaliyotoka humo yakapelekwa kupasha joto majengo ya chuo. Mwaka 2012 kituo cha kompyuta cha Leibniz, kilichoko Garching karibu na Munich, kikazindua SuperMUC, nayo ikapozwa kwa maji ya vuguvugu ambayo yangeweza kuzidi nyuzi 40. Mashine hiyo ilishika nafasi ya nne kwa kasi duniani mwaka huohuo. Hawa hawakuwa watu waliokosa baridi. Uswisi na kusini mwa Ujerumani huanguka theluji kila mwaka. Waliyapita maji baridi kwa hiari yao baada ya kupima na kuona kwamba mtiririko mzuri kwenye mifereji myembamba unatosha, na kwamba maji yanayotoka yakiwa ya moto yana faida kuliko yanayotoka yakiwa baridi.

Hapa huenda msikilizaji akanipinga kwa kusema: mbona wale wanaoshindana kuongeza kasi ya prosesa hutumia baridi isiyo na mfano? Ni kweli kabisa. Hutumia naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na mwaka 2023 prosesa moja ya Intel ilivuka gigahezi 9 ikiwa imepozwa kwa heliamu ya kimiminika. Ni kweli vilevile kwamba silikoni ikipoa huvujisha umeme kidogo kuliko inapokuwa na joto, na kwamba prosesa na kadi za michoro za kisasa hujiongezea kasi zenyewe zinapoona zimepoa. Lakini tazama mashindano yale yanavyoendeshwa. Bodi hupakwa mafuta mazito, huzungushiwa sponji isiyopitisha hewa, taulo za karatasi hukaa tayari, na mtu husimama juu ya mashine akimimina kwa mkono na kusoma kipimajoto. Kazi ni ya dakika au saa chache, na bodi ikiharibika hilo lilikwisha kuhesabiwa ndani ya gharama. Zipo hata prosesa zinazokataa kuwaka zikipozwa kupita kiasi. Kwa mtu wa kawaida anayeacha mashine ikitengeneza video usiku kucha, kutoka nyuzi 60 hadi nyuzi 40 kutamwongezea asilimia chache za kasi, na mara nyingi hataziona. Asilimia hizo chache ndizo zinazowekwa kwenye mizani dhidi ya hatari mbili, na sasa nizieleze zote mbili kwa kirefu, kwa sababu ndizo zinazoua mashine.

Ya kwanza ni umande. Hewa yote ina mvuke wa maji ndani yake, na kila hewa ina kiwango chake cha joto ambacho, kitu chochote kikiwa baridi kuliko hapo, mvuke hugeuka kuwa matone juu ya kitu hicho. Ndiyo sababu chupa ya soda ikitolewa kwenye friji Mombasa hutoa jasho kabla hujaifungua: kule pwani kiwango hicho cha umande mara nyingi huzidi nyuzi 22. Nyumba ya Minnesota wakati wa baridi ni kavu zaidi, na hoja hii husemwa sana: hewa ni kavu mno, midomo inapasuka, ukigusa kitasa cha mlango unapigwa shoti, umande utoke wapi? Tupime. Chumba chenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 40 kina kiwango cha umande cha nyuzi 7 hivi. Unyevu ukiwa asilimia 60, kiwango hupanda hadi nyuzi 13. Na hata katika nyumba kavu sana yenye unyevu wa asilimia 30, kiwango bado ni nyuzi kama 3 juu ya sifuri. Sasa rejeta iko nje, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kompyuta ikitulia, mtu amekwenda kula, joto linalotoka ni wati chache, na maji yanayorudi ndani yanaweza kushuka chini ya nyuzi 3 kwa urahisi, na yakiwa na dawa ya kuzuia kuganda yatashuka hata chini ya sifuri. Mpira utaanza kutoa jasho. Shaba iliyo juu ya prosesa itatoa jasho. Matone yatakusanyika kwenye viungo, yatateremka, na chini ya kipande kile cha shaba ndiko kuliko na bodi mama, na chini zaidi kadi ya michoro imelala ikiwa na umeme ndani yake.

Na hewa ya nyumba haikai mahali pamoja. Nyumba ya mpangaji yenye vyumba viwili, familia ya watu watano, nguo zimeanikwa sebuleni kwa kuwa nje zitaganda, sufuria ya maharage inachemka kwa saa mbili, watoto wameoga maji moto: nyumba hiyo asubuhi ilikuwa na unyevu wa asilimia 30 na jioni imefika 55 au 60. Ushahidi uko kwenye vioo vya madirisha, vinavyolia machozi kila jioni. Kioo kile ni baridi kuliko kiwango cha umande, na maji yamejikusanya hapo. Mwenye kompyuta anayetoa rejeta nje amekigeuza kifaa chake kuwa kioo kingine cha dirisha, tofauti ikiwa kwamba hiki kina umeme. Wanaotumia vifaa vya kupima unyevu na joto wanaweza kusema kwamba wataiwekea mashine kidhibiti, maji yasishuke chini ya kiwango fulani. Nakubali, inawezekana, na mafundi wa vituo vikubwa hufanya hivyo. Lakini kidhibiti hicho kazi yake ni nini? Ni kuhakikisha maji yanabaki na joto lilelile ambalo rejeta ya ndani ingeyapa bure, bila tundu ukutani, bila vali, bila programu ya kusimamia.

Hatari ya pili ni kuganda. Maji yanapogeuka barafu hupanuka kwa takriban asilimia 9, na nguvu ya upanuzi huo haizuiliki kwa plastiki wala kwa bati jembamba. Katika kompyuta, vinavyoumia kwanza ni tangi dogo la plastiki angavu, ganda la pampu, na zile njia bapa za rejeta ambazo kuta zake ni nyembamba sana. Ubaya wake ni kwamba ufa hauonekani mara moja. Barafu iliyoupasua ndiyo inayouziba. Mashine inaonekana nzima mpaka chumba kipate joto tena, na hapo ndipo maji huanza kudondoka, mara nyingi wakati mwenyewe amekwisha kuiwasha na kugeuka kufanya mambo mengine. Na akiiwasha ikiwa bado imeganda, pampu imekwama, maji ndani ya shaba yamesimama, na prosesa hupanda joto kwa sekunde chache tu. Ulinzi uliomo ndani yake utaizima, na hilo ni jema, lakini pampu inayolazimishwa kuzunguka ndani ya barafu huenda isirudi kazini kama ilivyokuwa.

Watetezi wa gereji hujibu kwamba mashine inayofanya kazi haigandi, kwa kuwa ina joto lake. Jibu hilo lina ukweli, nao una mipaka. Kompyuta iliyo mzigoni hutoa wati 500, lakini ikitulia hutoa sehemu ndogo tu ya hizo, na rejeta iliyo nje haijui kwamba mashine imetulia. Inaendelea kumwaga joto kwenye upepo. Kadiri rejeta inavyokuwa kubwa, ndivyo maji yanavyokaribia joto la nje. Kwa hiyo mashine yenye rejeta nje inaweza kuganda ikiwa imewashwa. Na mashine yoyote huzimika siku moja. Februari 2021 jimbo la Texas lilipigwa na baridi ambayo si ya kawaida kule, umeme ukakatika kwenye nyumba zaidi ya milioni nne, na mabomba yakapasuka ndani ya kuta za nyumba ambazo siku chache kabla zilikuwa na joto la kutosha. Minneapolis, ambako baridi ni mwenyeji, Januari 30, 2019 ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Katika baridi kama hiyo, gereji isiyo na hita haihitaji siku nyingi kuyagandisha maji lita moja yaliyolala kwenye mipira. Maji ndani ya chumba cha kulala yana ulinzi wa nyumba nzima. Yaliyoko nje au gerejini ulinzi wake ni pampu na waya wa umeme.

Basi atasema mwingine: dawa ipo, ile ile ya rejeta za magari, glaikoli. Ndiyo, ipo, na nitaipendekeza kabla sijamaliza, ila kila mtu aijue bei yake. Glaikoli ya propilini ikichanganywa nusu kwa nusu na maji huzuia kuganda hadi nyuzi 33 hivi chini ya sifuri. Lakini mchanganyiko huo hubeba joto kidogo kuliko maji matupu, na ni mzito zaidi: kwenye joto la kawaida la chumba mnato wake ni mara kadhaa ya ule wa maji, na kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri unafika makumi ya mara. Pampu ya kompyuta ni ndogo, haifanani na pampu ya gari inayoendeshwa na injini. Ikikutana na mnato huo, mtiririko hupungua, na tumekwisha kuona kwamba mtiririko ndio tunaoutegemea. Kwa maneno mengine, anayeitoa rejeta nje hulazimika kutia dawa nyingi, na dawa nyingi pamoja na baridi humpunguzia kile kilichokuwa kikiipoza prosesa yake. Kuna pia mipira inayokakamaa na pete za kuzuia kuvuja zinazosinyaa. Kiungo kilichokazwa vizuri kwenye nyuzi 21 kinaweza kuanza kuvuja kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Na kuna jambo la usalama ambalo siwezi kulipita: glaikoli ya ethilini, inayotumika sana kwenye magari, ni sumu yenye ladha tamu, na watoto na wanyama huilamba. Nyumbani itumike ya propilini.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la vituo vya data vya kaskazini. Kampuni tajiri zimekwenda Sweden na Finland kwa sababu ya baridi, je, zimekosea? Hazikukosea, lakini ukichungulia ndani utaona zinafanya kinyume cha wanavyodhani wanaotoboa kuta. Google huko Hamina, pwani ya Finland, hutumia maji ya bahari kupitia handaki lililojengwa zamani kwa ajili ya kiwanda cha karatasi. Maji hayo ya bahari hayafiki kwenye kompyuta. Hukutana na maji ya ndani kwenye kibadilisha joto, kila upande ukiwa na njia yake, na joto pekee ndilo linalovuka. Facebook ilipofungua kituo chake cha Luleå, kaskazini mwa Sweden, mwaka 2013, ilivuta hewa ya nje, na hewa hiyo wakati wa baridi huchanganywa na hewa moto inayotoka kwenye mashine kabla ya kuingizwa. Chama cha wahandisi wa joto na hewa cha Marekani, ASHRAE, hupendekeza hewa inayoingia kwenye mashine iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Hakuna anayeziingizia mashine zake baridi ghafi. Baridi hubaki nje ya mpaka, na mpaka unalindwa kwa vali, vipimo na wafanyakazi wa zamu usiku na mchana.

Mfano unaofundisha zaidi uko Kajaani, mji wa Finland ambako baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kila mwaka. Mwaka 2008 kiwanda cha karatasi cha UPM kilifungwa hapo, na katika eneo hilohilo ikaja kujengwa kompyuta kuu iitwayo LUMI, iliyozinduliwa Juni 2022 kwa ushirika wa nchi kadhaa za Ulaya, ikiendeshwa kwa umeme wa maporomoko ya maji na kupozwa kwa maji. Kama baridi ya bure ingekuwa ndiyo hazina yenyewe, watu wa Kajaani wangelitupa joto la mashine ile angani kila Januari na kujipongeza. Wamefanya vingine. Maji yanayotoka kwenye kompyuta yakiwa na joto hupitishwa kwenye pampu za joto zinazoyapandisha zaidi, kisha joto hilo huingizwa kwenye mabomba ya mji yanayopasha nyumba za watu. Kwa makadirio yaliyotolewa na wahusika, LUMI inaweza kutosheleza karibu moja ya tano ya joto linalohitajika katika mtandao huo wa mji. Waliishi na baridi vizazi na vizazi, wanaijua gharama yake, na kilichoonekana kwao kuwa na thamani ndani ya mashine ile ni joto.

Hapo ndipo ninapotaka kumpeleka mwenye kompyuta yake moja sebuleni. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hugeuka kuwa joto, wati kwa wati. Hakuna unaobaki ndani ukageuka kuwa picha. Mashine ya wati 500 iliyo kazini ni theluthi ya hita ya umeme ya wati 1,500, ile inayouzwa madukani kote Amerika ya Kaskazini. Anayetoa rejeta nje anamwaga theluthi hiyo kwenye theluji, kisha analipa gesi au umeme mwingine kuirudisha sebuleni. Najua kuna atakayesema kwamba pampu ya joto hutoa joto mara mbili au tatu kwa umeme uleule, hivyo kompyuta ni hita ya gharama. Kweli, na simshauri mtu awashe kompyuta ili aote moto. Ninamzungumzia yule ambaye mashine inafanya kazi yake tayari, umeme wake umekwisha kulipiwa, na swali lililobaki ni joto hilo liende wapi. Kelele za feni, ambazo ni sababu nyingine ya kutoa rejeta nje, zina tiba nyepesi: rejeta kubwa zaidi ndani ya chumba, na feni pana zinazozunguka polepole.

Sasa niwape wenzangu wa nchi za baridi mambo ya kufanya. Mashine ikihamishwa kwa gari wakati wa theluji, isiwashwe inapofika. Ifungwe kwenye mfuko wa nailoni ikiwa bado nje, ili umande utakaotokea ujikusanye juu ya mfuko, kisha iachwe chumbani usiku kucha. Maji yaliyomo ndani hupata joto polepole zaidi kuliko chuma kinavyoonekana kwa nje, na mkono ukigusa boksi hauwezi kujua hali ya shaba iliyo ndani. Aliyeinunua mashine iliyofungwa kiwandani asome karatasi yake, kwani nyingi zimekwisha kutiwa glaikoli kiasi na zina kikomo cha joto la kuhifadhia. Aliyeijaza mwenyewe kwa maji matupu ajue kwamba hana ulinzi wowote chini ya sifuri, na glaikoli ya propilini, robo hadi theluthi ya ujazo, itamfaa kama kinga ya siku umeme utakapokatika, bila kuilemea pampu ikiwa mashine iko chumbani. Rejeta ibaki ndani.

Na yule anayefunga nyumba Desemba kwenda likizo Nairobi, Kigoma au Bukavu, asizime hita kabisa ili kubana matumizi. Aiache nyumba kwenye nyuzi 12 au 13. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa sababu matone hubaki kwenye mifereji ile myembamba ya shaba na kwenye tumbo la pampu, na hayo yakiganda yanaweza kuharibu. Atie dawa, aiwashe mashine kwa saa nzima ili ichanganyike na kufika kila kona, ndipo aizime na kuchomoa waya. Afanye hivyo kabla ya siku ya safari, kwa maana akishafika Bukavu hana tena la kufanya.